Bia ya ngano ya Kimarekani katika joto la Mtwara

Kwa sisi tunaoishi Mtwara mjini, bia ya ngano ya mtindo wa Kimarekani ina msimu wake, na msimu huo ni mfupi. Huanza katikati ya Juni, upepo wa kusi unaposhika na usiku ukapoa kiasi cha mtu wa Shangani kutafuta shuka la pili, na huisha mwishoni mwa Agosti, kabla mabibo hayajaanza kuanguka kwa wingi chini ya mikorosho. Nje ya miezi hiyo hamira ya Kimarekani haifanyi kazi yake kwa utulivu unaotakiwa, na bia hii, kuliko bia nyingi ninazozifahamu, hutegemea utulivu wa hamira. Nimeipika nyumbani kwangu mara saba katika muda wa miaka mitatu, na mara mbili kati ya hizo niliimwaga yote. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu mwenye sufuria kubwa na subira, ambaye hana haja ya kupitia makosa niliyoyapitia mimi.

Jina lenyewe linahitaji maelezo, kwa sababu bia ya ngano inayojulikana zaidi duniani ni ile ya Bavaria, Ujerumani, ambayo hamira yake huacha harufu ya ndizi mbivu na ya karafuu. Anayeinusa kwa mara ya kwanza hudhani kwamba viungo vimetiwa, kumbe harufu yote imetoka kwa hamira. Bia ya Kimarekani hutumia nafaka zilezile, yaani ngano kwa kiasi cha thuluthi moja hadi nusu au zaidi, na sehemu inayobaki ni kimea cha shayiri, lakini ndizi na karafuu hazimo. Hamira yake hula sukari, hutoa alkoholi na hewa ya ukaa, kisha hunyamaza na kuiacha ngano ijitambulishe kwa ladha yake, ambayo kwangu mimi inafanana na ladha ya mkate mweupe ukiwa bado moto. Juu ya ladha hiyo huja hopsi za Kimarekani, yaani maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu, na harufu yao ni ya balungi. Bia inayotokea ina rangi ya majani makavu, ukungu mwepesi, povu jeupe linalodumu, uchungu mdogo, na alkoholi ya asilimia 4 hadi 5.5. Januari, jasho linapogoma kukauka, hakuna kinywaji cha kileo ninachokitamani zaidi ya hiki.

Historia yake ni fupi kuliko mtu anavyoweza kudhani. Marekani ilipiga marufuku pombe kuanzia mwaka 1920 hadi 1933, na hata baada ya marufuku kuondolewa, sheria ya nchi nzima haikumruhusu mtu kujipikia bia nyumbani mpaka Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini mabadiliko yaliyoanza kutumika Februari 1979. Kuanzia hapo nyumba yenye mtu mzima mmoja iliruhusiwa galoni 100 kwa mwaka, yaani takriban lita 378, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi iliruhusiwa galoni 200. Wapishi wa majikoni walifuatiwa na viwanda vidogo. Anchor wa San Francisco walitoa bia ya ngano mwaka 1984, na mwaka 1986 ndugu wawili, Kurt na Rob Widmer wa Portland katika jimbo la Oregon, walianza kuuza bia ya ngano isiyochujwa. Hamira waliyokuwa nayo ilikuwa ya bia ya Düsseldorf iitwayo Alt, ambayo haitoi ndizi wala karafuu, na kwa njia hiyo bia yao ikatofautiana na ile ya Bavaria. Katika jimbo hilohilo ndiko ilikokuzwa hopsi ya Cascade, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1972, na harufu ya balungi ninayoisema ni yake.

Huku kwetu kupika pombe nyumbani ni kazi ya kale, na kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanawake. Uraka wa mabibo huchachuka wenyewe kati ya asubuhi na jioni bila kuongezwa kitu, na pombe ya mtama imekuwapo kwenye ngoma na kwenye kazi za shambani tangu zamani. Ninachopika mimi ni cha kunywa nyumbani na kuwagawia marafiki wachache, kwa kuwa kuuza pombe kunahitaji leseni. Majirani zangu wengi ni Waislamu, basi siku ya kupika huichagua kwa uangalifu, na mwezi wa Ramadhani sipiki kabisa.

Kilichonisumbua mwanzoni ni kimea. Kimea cha shayiri niliagiza kutoka Afrika Kusini, pamoja na hopsi na pakiti za hamira, kwa mtu anayesafiri mara kwa mara. Gharama ya mzigo ilinifanya nijiulize kwa nini niagize na kimea cha ngano, ilhali ngano yenyewe inauzwa sokoni kwa wanaotengeneza unga wa lishe. Hapa kuna tahadhari mbili. Ngano iliyokobolewa, ile ya kupikia boko boko, haioti, kwa sababu kiini chake kimeondolewa au kuvunjwa. Inatakiwa ngano nzima yenye ngozi yake. Na ngano ya mbegu iliyopakwa dawa, ambayo mara nyingi hutiwa rangi ili itambulike, isiingie jikoni kwa namna yoyote.

Kilo zangu tatu za kwanza niliziloweka usiku kucha, kama nilivyoona mtama ukilowekwa, na asubuhi ya tatu zilikuwa zinanuka uchachu mbaya na zimeshika ukungu. Nikasafiri kwenda kwa shangazi yangu, karibu na Masasi, ambaye ametengeneza kimea cha mtama tangu kabla sijazaliwa. Nilipomaliza kumwamkia, nikamwonyesha punje nilizobeba kwenye mfuko. Alizisugua kati ya vidole, akazitazama, akaniuliza:

“Mwanangu, hii umeiloweka kwa muda gani?”

“Usiku kucha, shangazi.”

“Umeizamisha. Haina ganda hii, inakunywa maji upesi. Ipe maji kidogo, itoe ipumue, uirudishe tena.”

Shangazi hajawahi kuona kimea cha ngano, na alisema jambo lilelile ambalo watengenezaji wa kimea duniani wanalijua: ngano haina ganda kama shayiri, hufyonza maji haraka, na ikikaa ndani ya maji muda mrefu hukosa hewa na kiini hufa. Tangu siku hiyo huiosha mpaka maji yawe meupe, huiloweka saa nne, huichuja na kuiacha saa sita hadi nane ikiwa wazi, kisha huirudisha majini saa nne nyingine. Ncha nyeupe za mizizi zikianza kuchungulia, huitandaza kwenye mkeka ndani ya chumba chenye kivuli, kwa unene wa vidole viwili au vitatu, na kuifunika kwa gunia bichi. Huigeuza asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu nafaka inayoota hutoa joto, na rundo lisilogeuzwa hupata moto katikati na kuanza kuoza. Julai kazi hii huchukua siku tatu hadi nne. Dalili ninayoitegemea si urefu wa mizizi bali urefu wa chipukizi: likikaribia urefu wa punje yenyewe, na punje ikisagika kati ya vidole kama chaki, imetosha.

Kukausha ndiko kunakonifurahisha kuliko hatua zote. Kimea hutandazwa juani kwa siku mbili, na kusi hulifanya jua la Mtwara kuwa tanuri bora, kwa kuwa linakausha bila kuunguza. Vimeng'enya, ambavyo baadaye vitageuza wanga kuwa sukari, huharibika kwa joto kali kikiwa bado kibichi, kwa hiyo haraka haifai. Kikishakauka huingizwa kwenye oveni ya moto mdogo kwa saa moja na nusu ili kipate harufu ya mkate, kisha husuguliwa ndani ya gunia mpaka mizizi midogo yote ikatike, kwa maana mizizi hiyo ni michungu. Kilo tatu za ngano hunipa kimea cha zaidi kidogo ya kilo mbili na robo.

Kwa lita 20 za bia natumia kilo 2.2 za kimea cha ngano na kilo 2.2 za kimea cha shayiri. Kimea huparazwa, hakisagwi. Mara ya kwanza nilikipeleka mashineni bila kueleza vizuri, kikarudi unga laini, na sufuria ikawa uji mzito usiochujika hata kwa kukamuliwa na watu wawili. Shayiri huja na maganda yanayotengeneza chujio lake yenyewe, lakini ngano haina, na nusu ya nafaka ikiwa ngano kuna ulazima wa kusaidia. Mimi huongeza vikombe vitatu vya makapi ya mpunga kutoka mashine ya kukoboa, yaliyooshwa kwa maji ya moto mpaka vumbi liishe. Hayana ladha, ni bure, na yanaifanya kazi ya kuchuja iwe nyepesi.

Maji nayo yanataka neno moja. Maji ya visima vya karibu na bahari yana chumvi na hayafai. Maji ya bomba hutiwa klorini, na klorini ikikutana na viini fulani vya nafaka huzaa ladha ya dawa ya hospitali, ambayo ulimi huitambua hata ikiwa kidogo sana. Mimi huyachemsha jioni na kuyaacha wazi mpaka asubuhi.

Siku ya kupika napasha lita 28 za maji hadi nyuzi 69, nazamisha mfuko mkubwa wa kitambaa chepesi wenye nafaka zote, nakoroga mpaka pasiwe na donge hata moja, na joto hushuka hadi nyuzi 66 au 67. Sufuria hufunikwa na kuzungushiwa blanketi kuukuu kwa saa moja. Katika saa hiyo wanga hugeuka sukari, na anayetaka kuthibitisha anaweza kudondosha tone la iodini kutoka duka la dawa kwenye kijiko cha maji hayo juu ya kisahani cheupe: likigeuka bluu ya kukaribia weusi, wanga bado upo. Mfuko hutolewa, hukamuliwa, na machicha huenda kwa kuku wa jirani, ambaye haulizi yametoka wapi. Kinachofuata ni kuchemsha kwa saa moja bila kufunika, nikitia gramu 20 za Cascade mwanzoni kwa ajili ya uchungu, gramu 15 zikibaki dakika kumi, na gramu 15 za mwisho moto unapozimwa. Sehemu hii haina siri yoyote, ila povu hufurika ghafla dakika za mwanzo na jiko lisiachwe peke yake.

Baada ya hapo kila kitu kinachogusa maji ya kimea sharti kiwe safi kabisa, na yanatakiwa kupozwa haraka. Fundi friji alinikunjia mrija wa shaba wa mita kumi. Maji ya bomba hupita ndani yake, na ndani ya nusu saa sufuria hufika nyuzi 30. Hapo ndipo bomba la Mtwara linapoishia, kwa sababu maji yake yenyewe ni ya vuguvugu. Ili kushuka chini zaidi hulazimika kuiweka sufuria kwenye karai la barafu. Haidromita yangu, kipimo kinachoelea na kuonyesha wingi wa sukari kwenye maji ya kimea, kwa kawaida husoma 1.044 hadi 1.048 kabla ya kutia hamira, na namba hiyo hushuka kadiri sukari inavyoliwa.

Sasa nifike kwenye joto, ambalo ndilo kiini cha yote niliyojifunza. Mara yangu ya kwanza ilikuwa Desemba. Nilitia hamira ya Safale US-05, ambayo wapishi wengi wa Kimarekani huitumia kwa bia hii, nikaiweka ndoo pembeni mwa chumba chenye nyuzi 31 na kujiona nimemaliza. Sikuzingatia kwamba hamira ikifanya kazi hutoa joto lake, na katikati ya ndoo palifika nyuzi 34. Siku mbili tu bia ilikuwa imeshachachuka, na nikashangilia. Ilipokuwa tayari ilinukia kama gundi ya fundi viatu, ilichoma koo, na glasi moja ilitosha kumpa mume wangu maumivu ya kichwa ya siku nzima. Hamira iliyozidiwa na joto hutengeneza alkoholi nzito na harufu kali za matunda yaliyooza, na bia ya ngano haina mahali pa kuzificha. Bia nyeusi ya kimea kilichokaangwa ingeweza kusitiri kidogo, lakini hii huonyesha kila kitu.

Kiwango ninachokitafuta ni nyuzi 18 hadi 20 ndani ya ndoo yenyewe, wala si hewani chumbani. Julai, chumba changu cha kaskazini huwa nyuzi 24 usiku. Huiweka ndoo ndani ya beseni pana lenye maji hadi nusu ya kimo chake, huivisha khanga kuukuu ambayo ncha zake zimezama majini ili ifyonze na kubaki mbichi, na huwasha feni mbele yake. Upepo unaokausha khanga huondoka na joto, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji. Asubuhi na jioni huongeza kwenye beseni chupa mbili za lita moja na nusu zilizogandishwa. Kwa njia hiyo nimeweza kushikilia nyuzi 20, mara chache 21, kwa siku nne za kwanza, na siku hizo nne ndizo zenye uzito, kwa kuwa ladha nyingi mbaya huzaliwa wakati hamira inapoongezeka kwa kasi. Baada ya siku ya tano naacha joto lipande lenyewe, na hamira humaliza mabaki yake vizuri zaidi. Njia ya khanga hufanya kazi Julai kwa sababu hewa ni kavu kiasi. Januari hewa imejaa unyevu, khanga haikauki, na feni huzunguka bure.

Kwa miezi ya joto nimepata suluhisho lililotoka mbali sana na ikweta. Magharibi mwa Norwei, katika eneo la Voss, familia za mashambani zimehifadhi kwa vizazi hamira iitwayo kveik, wakiikausha, wengine juu ya pete za mbao, na kuitumia tena msimu unaofuata. Hamira hiyo hustahimili nyuzi 35 hadi 40 bila kuharibu bia, jambo ambalo lingeua ladha ya karibu hamira nyingine yoyote. Novemba iliyopita niliitia kwenye maji ya kimea yenye nyuzi 32, moja kwa moja kutoka kwenye mrija wa shaba, bila barafu, bila beseni, na siku ya nne haidromita ilikuwa imeshuka hadi 1.010. Hamira ya Voss huacha harufu nyepesi ya ganda la chungwa, nayo iliafikiana na Cascade kama ndugu wa tumbo moja. Wenye kuushika mtindo kwa ukali watasema hiyo si bia ya ngano ya Kimarekani tena, na kwa kipimo cha hamira wana haki. Nikiweka glasi mbili mbele yangu, ile ya Julai ni safi zaidi na ngano yake inasikika kwa undani zaidi. Ile ya Novemba ni ya furaha, lakini chungwa limeifunika ngano kidogo. Ninazipika zote mbili, na nikilazimishwa kuchagua nitaisubiri Julai.

Kabla ya kutia kwenye chupa nahakikisha haidromita imesoma namba ileile siku mbili mfululizo. Bia ambayo haijamaliza kuchachuka ikifungwa huendelea kutoa hewa, na chupa hupasuka kwa nguvu ya kujeruhi mtu. Natumia chupa za kahawia za nusu lita zilizochemshwa na vizibo vipya, na gramu 130 za sukari iliyochemshwa katika kikombe cha maji kwa lita 19 zinazobaki, ambazo hunipa chupa 38. Rangi ya kahawia si pambo: mwanga wa jua ukiipata bia yenye hopsi, huipa harufu ya kicheche kwa dakika chache tu. Kreti hukaa gizani, limefunikwa gunia, kwa siku kumi, kisha chupa huingia kwenye friji kadiri nafasi inavyoruhusu. Harufu ya hopsi hupotea upesi katika joto letu, kwa hiyo sizihifadhi kupita wiki nane.

Wakati wa kumimina, naacha kidole kimoja cha bia chini ya chupa, natikisa taratibu ili ule ukungu uliotuama uamke, kisha namalizia. Kule Marekani wengi huweka kipande cha limau ukingoni mwa glasi. Nilijaribu kwa ndimu ya hapa, ambayo ni kali kuliko limau lao, na tone moja lilitosha kuua povu na kulifukuza balungi lote nililolisubiri wiki nne. Ndimu yangu siku hizi inabaki kwenye sahani, pembeni ya pweza wa kuchoma.